Wana wa Seyyid Said na Pwani Iliyouzwa

Seyyid Barghash bin Said alifariki Unguja mwezi Machi 1888, mara tu baada ya kurejea kutoka safari ya Maskati. Mdogo wake, Seyyid Khalifa, akakalishwa kitini. Hata arobaini ya marehemu haijafika, tarehe 28 Aprili, Khalifa alitia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki haki ya kuitawala pwani ya Mrima kwa miaka 50, kwa jina lake na chini ya bendera yake. Saadani, Pangani, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa, Lindi: miji yote hiyo ilitolewa pamoja na forodha zake. Majumbe wa Bagamoyo hawakuulizwa. Walipata habari kama watu wengine, kazi ilipokuwa imekwisha.

Habari za ukoo wa Al Busaid kwa kawaida husimuliwa kutokea Unguja: majumba ya kifalme, karafuu, Beit al-Ajaib, mapinduzi. Mtu anayezisoma akiwa Bagamoyo, katika mji wa kale wa kata ya Dunda ambako jengo la forodha la Wajerumani la mwaka 1895 lingali linatazama bahari, huyaona mengine. Huona ufalme ulioingia pwani kwa mapatano na kwa ushuru, kisha ukaipoteza pwani hiyo kwa kalamu, saini baada ya saini, katika muda usiotimiza miaka 40.

Ukoo wenyewe ulishika utawala wa Oman katikati ya karne ya 18. Aliyeuhamishia Afrika ni Seyyid Said bin Sultan, aliyeanza kutawala Maskati mwaka 1806 akiwa kijana mdogo. Mwaka 1833 alifunga mkataba wa biashara na Marekani, mwaka 1837 akawavunja nguvu Mazrui wa Mombasa, na kufikia mwaka 1840 makao yake yalikuwa Unguja. Mwaka huohuo jahazi lake liitwalo Sultanah lilitia nanga New York, likiwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman na shehena ya bidhaa za huku kwetu. Huyu alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa mfalme, na aliijua pwani kwa jicho hilo.

Nguvu zake bara zilikuwa ndogo kuliko sifa zake. Mrima ulikuwa na wenyewe. Bagamoyo iliongozwa na majumbe wa Kishomvi, wenye mapatano ya miaka mingi na Wazaramo wa nyuma ya mji, na waliokuwa na ada zao kutoka kwa misafara ya Wanyamwezi iliyoshuka na pembe za ndovu. Seyyid hakuwaondoa. Aliweka askari wachache wa Kibulushi chini ya jemadari pale Kaole, akaweka liwali, na akahakikisha kwamba kila pembe iliyovuka bahari inapita mikononi mwa mkodishaji wake wa forodha. Kwa miaka mingi mkodishaji huyo alikuwa Mhindi, Jairam Shivji, aliyemlipa Seyyid fungu la fedha kila mwaka kisha yeye akakusanya ushuru kwa faida yake. Sultani alipata mapato, majumbe walibaki na heshima na ada zao, na bendera nyekundu ikapepea. Ulikuwa utawala wa kuelewana, na wakati mwingine wa kuvumiliana.

Kisa kimoja kinaonyesha ulivyofanya kazi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipokuja Bagamoyo mwaka 1868 wakitaka ardhi kaskazini ya mji, amri ya Unguja peke yake haikutosha. Wazaramo walipinga, na ilibidi watu wa Sultani Majid, mwana wa Seyyid Said, na baada yake wa Barghash, waje kusuluhisha ndipo misheni ikatulia. Mfalme aliyeogopwa baharini alilazimika kubembeleza mtu akiingia mashambani nyuma ya minazi ya Bagamoyo.

Seyyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na Shelisheli, akirudi kutoka Oman. Aliacha ukoo mkubwa. Binti yake Salme ameandika kwamba watoto waliokuwa hai walikuwa 36. Wote walizaliwa na masuria, akina mama wa Kisirkasi, wa Kihabeshi na wengineo, na kwa sheria mtoto aliyetambuliwa na baba alikuwa na haki sawa na mwenziwe yeyote. Hapakuwa na kanuni kwamba mkubwa ndiye arithi. Kiti kilikuwa cha yule aliyeweza kukishika na kukubaliwa na wakubwa wa nchi, na tangu mauti ya Said jambo hilo liliwafungulia mlango Waingereza. Kila ndugu wawili waliposhindana, balozi wa Uingereza ndiye aliyepima.

Ndugu wa kwanza kushindana walikuwa Thuwaini wa Maskati na Majid wa Unguja. Shauri lao likaamuliwa mwaka 1861 na Lord Canning, gavana mkuu wa Uingereza huko India: Oman na Unguja ziwe dola mbili, na Unguja, iliyokuwa tajiri, iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Dola ya baba ikakatwa vipande viwili.

Ndugu wa pili alikuwa Barghash, aliyekuwa chomboni pamoja na baba yake alipofariki. Mwaka 1859 alimwasi Majid. Alipozingirwa nyumbani kwake, dada zake Khole na Salme wakamtoa akiwa amevishwa mavazi ya kike, akakimbilia shamba la Marseilles ambako wafuasi wake, wengi wao Waarabu wa Kiharthi, walikuwa wamejikusanya. Wanamaji wa Kiingereza waliisaidia serikali ya Majid kuuvunja uasi huo, na Barghash akapelekwa Bombay kukaa uhamishoni kwa miaka miwili. Salme alikuwa na miaka 15 hivi. Ndiye aliyeandika barua za njama, kwa kuwa alijifunza kuandika kwa siri wakati ambapo binti hakufundishwa kalamu.

Kisa cha Salme kinastahili kusemwa, maana kinarudi baadaye kwa namna ya kuumiza. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa ajili ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, akabatizwa, akaolewa, akaitwa Emily. Mume alifariki mwaka 1870 katika ajali, naye akabaki ugenini na watoto wadogo. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, ndicho kinachotupa habari za ndani za jumba la Mtoni, alikozaliwa, zilizoandikwa na mtu aliyeishi humo. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Majid, kwa upande wake, aliiachia Mrima jambo moja kubwa. Katikati ya miaka ya 1860 alianza kujenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima, mahali penye bandari ya kina, akauita Dar es Salaam. Alitaka kuwa na makao bara, mbali na macho ya mabalozi, na kuivuta njia ya misafara iishie hapo. Alifariki Oktoba 1870 kabla mji haujasimama. Barghash, aliyerithi kiti, hakuwa na hamu nao, na Bagamoyo ikaendelea kuwa lango kuu la bara. Ufuko wa Bagamoyo ni wa mchanga na maji yake ni haba, lakini majahazi hayakuhitaji zaidi ya hapo. Meli za chuma ndizo zilizohitaji. Wajerumani walipokuja kuchagua makao ya serikali, walikwenda pale alipopachagua Majid.

Barghash ndiye mkubwa wa wana wote wa Said kwa akili na kwa matendo, na pia ndiye aliyedhulumiwa kuliko wenzake. Alianza na dhoruba ya mwaka 1872 iliyong'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo vyake bandarini. Mwaka uliofuata balozi wa Uingereza, John Kirk, alimwekea mbele mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, akimtishia kuifunga bahari kwa manowari. Barghash alisaini tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kwa watu waliokuwa wakiletwa Bagamoyo wakiwa wamefungwa minyororo ilikuwa rehema iliyochelewa, na isiyokamilika, maana biashara iliendelea kwa njia za nchi kavu na za usiku. Haki haikuja kwa hiari ya ukoo huu, ambao mashamba yake ya karafuu yalilimwa kwa jasho la watumwa hadi mwisho wa karne. Hilo lisifichwe na uzuri wa milango ya Mji Mkongwe.

Baada ya hapo Barghash aliuamini urafiki wa Uingereza. Alikwenda London mwaka 1875. Aliwaletea watu wa mji maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi, akanunua meli, akatengeneza sarafu zenye jina lake, akamweka Mwingereza Lloyd Mathews kuunda jeshi lake, na mwaka 1883 akamaliza Beit al-Ajaib. Alijiona kuwa bwana wa nchi yote hadi maziwa makuu, kwa kuwa bendera yake ilijulikana Tabora na Ujiji.

Mwishoni mwa mwaka 1884 kijana mmoja wa Kijerumani, Carl Peters, aliingia nyuma ya pwani na kukusanya alama za dole na misalaba ya machifu wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami kwenye makaratasi ambayo wao hawakuweza kuyasoma. Tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilitangaza kuzilinda nchi hizo. Barghash alipinga kwa simu ya maandishi na kupeleka askari. Agosti manowari za Kijerumani zikajipanga mbele ya jumba lake. Katika msafara huo wa meli alikuwamo dada yake Salme, ambaye Chansela Bismarck wa Ujerumani alimleta pamoja na madai yake ya urithi ili amshike kaka yake pabaya. Barghash alikataa kumwona. Dada aliyemtoa katika mazingiwa mwaka 1859 alirudi chini ya mizinga ya wageni, na hawakuonana tena. Waingereza aliowategemea walimshauri akubali.

Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zilikaa na kuamua mfalme ni mfalme wa wapi. Zilimwachia visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, yaani kama kilomita 16. Bagamoyo ilibaki ndani ya ukanda huo, lakini nchi iliyoleta pembe zake ilikuwa na bwana mwingine. Miaka miwili baadaye Barghash alifariki, na Khalifa akautoa hata ukanda.

Wajerumani wa kampuni walishika miji ya pwani tarehe 16 Agosti 1888. Walitaka bendera yao ipandishwe, walitaka watu waandikishe mashamba na nyumba zao wathibitishe kuwa ni zao, na walitaka ushuru wote. Bagamoyo ugomvi ulianzia kwenye bendera ya liwali. Hakutaka kuishusha nyumbani kwake, na mlingoti ukakatwa. Pangani, Emil von Zelewski wa kampuni alifanya ubabe hata ndani ya msikiti. (Huyu ndiye Zelewski aliyeuawa na Wahehe pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891.) Mwezi wa Septemba watu kwa maelfu waliishambulia Bagamoyo, na manowari Leipzig ikajibu kwa mizinga na kwa wanamaji walioteremshwa pwani. Wakazi wengi walikimbilia kwenye eneo la misheni, na sehemu kubwa ya mji ikawa magofu.

Vita hivyo mara nyingi vimeelezwa kuwa ni vita vya Waarabu wakitetea biashara ya watumwa na sultani wao. Maelezo hayo aliyapenda Bismarck kwa sababu yalimsaidia kupata fedha bungeni. Ukiwatazama viongozi wenyewe hayasimami. Bushiri bin Salim wa Pangani alikuwa wa ukoo wa Kiharthi, mahasimu wa zamani wa Al Busaid, na hakuwa na mapenzi na jumba la Unguja. Bwana Heri bin Juma wa Saadani hakumhesabu sultani kuwa bwana wake hata kabla Mjerumani hajaja. Waliowafuata walikuwa majumbe, Waswahili wa mijini, Wazigua, Wazaramo na wapagazi wa Kinyamwezi. Walikuwa wakiwapiga Wajerumani, na papo hapo walikuwa wakimpinga mfalme aliyewatoa kama mzigo wa pembe. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa upande wa Tanga, aliviandikia vita hivyo utenzi mzima, nao ungali unasomwa.

Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann na askari wa Kisudani waliochukuliwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 alilivunja boma la Bushiri lililokuwa karibu na Bagamoyo. Bushiri alikimbia bara, akakamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri mwaka uliofuata. Khalifa naye alikuwa amekwisha kufa, Februari 1890, baada ya kukaa kitini kwa muda usiofika miaka miwili.

Saini ya mwisho ikawa ya mdogo wao, Ali bin Said, mwana wa nne na wa mwisho wa Seyyid Said kutawala Unguja. Chini ya mapatano ya tarehe 1 Julai 1890 kati ya London na Berlin, Uingereza ilipata ulinzi juu ya Unguja na Pemba, Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland, na sultani akauza moja kwa moja pwani kuanzia mto Umba hadi Ruvuma kwa marki milioni nne, sawa na pauni 200,000. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikaichukua nchi kutoka kwa kampuni, na mwaka huohuo makao yake yakahama Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Pwani ya Mombasa iliponea kuuzwa. Yenyewe ilikodishwa, na kuanzia mwaka 1895 Waingereza walimlipa sultani pauni 17,000 kila mwaka, hadi mapatano ya Oktoba 1963 yalipoiingiza ndani ya Kenya. Ndiyo maana wazee wa Mombasa walikuwa na sultani wa jina hadi karibu na uhuru, na wa Bagamoyo hawakuwa naye.

Waliofuata kitini waliipata Mrima imekwisha kwenda. Hamad bin Thuwaini alitawala miaka mitatu. Alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid, mwana wa Barghash, aliingia jumbani bila ruhusa ya Waingereza, na tarehe 27 manowari zao zikalipiga jumba kwa muda usiofika saa nzima. Waliokufa na kujeruhiwa walikuwa kama 500, karibu wote wa upande wake. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam, akaishi huko mpaka Waingereza walipomkamata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Walimpeleka St. Helena na Shelisheli, na alifariki Mombasa mwaka 1927. Hamoud bin Muhammed, waliyemweka badala yake, alitia saini amri ya mwaka 1897 iliyouondolea utumwa nguvu ya sheria visiwani. Mwanawe Ali, aliyesomeshwa Harrow, alijiuzulu mwaka 1911.

Khalifa bin Harub aliketi miaka 49, kutoka 1911 hadi 1960, na wazee wengi wa Unguja walimkumbuka kwa upole wake. Upole ulimfaa, kwa kuwa mamlaka yalikuwa kwa Mwingereza. Mwanawe Abdullah alitawala hadi Julai 1963. Mjukuu wa Khalifa, Jamshid, aliupokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963 akiwa na miaka 34. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo chama cha Afro-Shirazi kilikuwa kimepata asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31, na kiti cha enzi kikabaki upande wa waliopewa serikali bila kura nyingi. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yalizuka. Jamshid aliondoka kwa meli yake, Seyyid Khalifa, akakataliwa kushuka Mombasa, akapitia Dar es Salaam, kisha akaruka kwenda Uingereza. Huko aliishi Portsmouth kwa zaidi ya nusu karne.

Tawi la Maskati, lile lililolipwa riale 40,000 ili liache madai, lingali linatawala. Sultani Haitham bin Tariq wa Oman ni kizazi cha Seyyid Said yuleyule. Jamshid aliruhusiwa kwenda kuishi Oman mwaka 2020, na alifariki huko tarehe 30 Desemba 2024 akiwa na miaka 95. Beit al-Ajaib ya Barghash iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Bagamoyo, kwa upande wake, iko katika orodha ya awali ya Tanzania kwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, na baadhi ya kuta zake za chokaa zinaanguka kila masika.

Pwani na visiwa vilirudi kuwa dola moja tarehe 26 Aprili 1964, miaka 74 baada ya Ali bin Said kuuza, na safari hii hakukuwa na mfalme katika mapatano. Sauti ya majumbe walionyimwa neno mwaka 1888 ingalimo katika hati za mashamba, barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na vitabu vya hesabu vilivyofungiwa masandukuni, katika nyumba za Bagamoyo, Saadani, Winde na Pangani. Mwenye karatasi ya namna hiyo asiiache iliwe na mchwa. Ipelekwe Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, au Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, inakiliwe na irudi kwa mwenyewe. Historia ya wafalme imekwisha kuandikwa mara nyingi kwa nyaraka za London na Berlin, na upande wa Mrima bado unasubiri karatasi zake.